Yowe la Uongo Kichwani mwa Nyangi

Likizo ile Nyangi alirudi Butiama kutoka shuleni Bunda akiwa amefunga kilemba. Aliteka maji na kilemba. Alikoroga uji na kilemba. Alilala nacho. Baba yake, Mzee Matiko, hakugundua kitu. Ng'ombe wake akinyofoka unywele mmoja wa mkia, Mzee Matiko atajua. Watoto ni habari nyingine.

Aliyegundua ni mama yake, Getruda. Walikuwa uani wanapepeta mtama. Upepo ukavuta kilemba, kikaanguka.

"Nyangi! Nani kakunyoa hivyo?"

Hakuna aliyemnyoa. Kichwani palikuwa na vipara vitatu vya duara, laini kama mgongo wa kijiko.

"Vilianza lini?"

"Baada ya bibi kuzikwa," Nyangi alinong'ona. "Mama, naomba usimwambie shangazi."

Shangazi Mary alikuwa ndani anakunywa chai. Lakini masikio yake yanaweza kusikia sukari ikiyeyuka. Akatoka na kikombe mkononi.

"Nilisema mimi! Si nilisema?"

Katika ukoo wao, mzee akifa, wajukuu wote hunyolewa kabla ya kuanua matanga. Bibi alipofariki, wote walinyolewa. Nyangi peke yake hakuwepo. Alikuwa kwenye mtihani wa kidato cha pili. Na Nyangi ndiye aliyepewa jina la bibi huyo. Bibi alimwita "wajina", na alikuwa akimfichia karanga ambazo wajukuu wengine walizisikia kwa harufu tu.

"Marehemu anadai nywele zake," Shangazi Mary alisema. "Hakupewa, sasa anajichukulia. Jumamosi twende kaburini. Anyolewe kwa wembe, achanjwe kichwani, apakwe dawa. Yataisha."

Mzee Matiko alijikuna kidevu. "Dada ndiye mkubwa. Akisema, mimi nifanyeje?"

Nyangi aliondoka. Mama yake alimkuta nyuma ya zizi, analia. Alidhani mtoto anaogopa wembe.

"Siogopi wembe," Nyangi alisema. "Mama, bibi alikuwaga ananipenda. Ina maana amekufa ananichukia?"

 Getruda alimfuta machozi kwa ncha ya kanga, akarudi uani.

"Wifi, kaburi halihami," alisema. "Daktari wa ngozi anakuwepoga Musoma siku ya Alhamisi. Tuanze na huyo anayehama."

Mzee Matiko alicheka bila kutaka. Shangazi hakucheka.

Alhamisi walikwenda Musoma wote watatu, baba, mama na mtoto. Daktari aliitwa Faustine. Alikuwa kijana, na Mzee Matiko alimkagua kama anavyokagua ndama mnadani. Daktari naye alikikagua kichwa cha Nyangi kwa lenzi yenye taa.

"Ngozi haina magamba wala vidonda," alisema. "Haya siyo mapunye. Tena ugonjwa wako hauambukizi. Unaweza kulala na wenzako bwenini, hakuna atakayepata. Ugonjwa huu unaitwa alopesia areata."

"Jina kubwa kuliko kipara chenyewe," alisema Mzee Matiko.

Daktari alicheka. "Mzee, kwenu ng'ombe wakiibwa mnafanyaje?"

Mzee Matiko alikaa vizuri. Hatimaye swali la maana!

"Tunapiga yowe."

"Na jirani akilisikia?"

"Na yeye anapiga yowe. Linaenda kilima hadi kilima. Watu wanatoka na marungu."

"Sasa mwilini ni hivyo hivyo. Tuna chembe nyeupe za damu. Hizo ndizo walinzi wetu. Vijidudu vikiingia, zinapigiana yowe. Ila hazina mdomo. Zinatoa vitu vidogo sana, vinaitwa saitokini. Kila saitokini ni ujumbe. Mmoja unasema, njooni. Mwingine unasema, ongezeni nguvu. Mwingine unasema, basi, tulieni."

"Na nywele zimeiba nini?" aliuliza Getruda.

"Hazijaiba kitu, mama. Kwa kawaida walinzi hawalikagui shina la unywele. Limejificha. Lakini kuna wakati yowe la uongo linapigwa hapo hapo. Saitokini moja, inaitwa intafironi gama, inalivua shina maficho yake. Walinzi wanaliona, wanalidhania mwizi."

"Watalivunja mbavu kabla hawajauliza jina," alisema Mzee Matiko.

"Kabisa. Na ubaya zaidi ni huu. Shina likishapigwa, lenyewe linapiga yowe. Linatoa saitokini nyingine. Badala ya kuokolewa, linaita walinzi wengine waje kulipiga. Ndiyo maana unywele unakatika."

Nyangi alikuwa ameinama muda wote. Sasa aliinua uso.

"Daktari, hilo yowe la kwanza, nani anapiga? Ni bibi?"

 Daktari aliweka lenzi mezani.

"Hapana, Nyangi. Wanaolipiga ni chembe za mwili wako mwenyewe. Kwa nini linaanza, wataalamu hawajamaliza kujua. Urithi wa damu unachangia. Lakini hakuna aliyelituma, aliye hai wala aliyekufa. Na wewe hukukosa kitu kwa kufanya mtihani."

Mzee Matiko alivua kofia. Binti yake alikuwa na jina la marehemu mama yake, kwa hiyo alimwita kama siku zote.

"Mama," alisema, "bibi yako alimkuta mwizi shambani anang'oa mihogo yake. Akampa kikapu cha kubebea. Mtu wa namna hiyo atakunyang'anya wewe nywele?"

Nyangi alicheka huku machozi yanamtoka.

Daktari alieleza matibabu. Nyangi angechomwa sindano ndogo ndogo penye vipara, kila baada ya wiki kadhaa. Dawa hiyo inawatuliza walinzi pale pale.

"Kuna vidonge vipya pia," alisema. "Hivyo vinaziba masikio ya chembe, yowe lisisikike. Vinawasaidia baadhi ya wenye vipara vikubwa. Ila kwetu huku havipatikani kirahisi. Na yowe la kweli unalihitaji, la sivyo vijidudu vitajipitia. Kwa hiyo ni vya kusimamiwa na daktari, na kupimwa damu. Usinunue mtaani. Na kichwa kisichanjwe, kisipakwe maji ya betri wala mafuta ya taa."

"Zitarudi?" aliuliza Nyangi.

"Wengi wenye vipara vichache, zinarudi. Wengine zinarudi, halafu zinatoka tena. Sikuahidi. Ila shina halijafa. Limelala."

Jumamosi walikwenda kaburini kama shangazi alivyotaka, lakini wembe ulibaki nyumbani. Mzee Matiko mwenyewe ndiye aliyesema ubaki. Nyangi aliomba aachwe kidogo na wajina wake. Alichomwambia, hakuna aliyekisikia. Hata Shangazi Mary, ingawa alijitahidi.

Sindano ziliendelea. Likizo iliyofuata, vipara viwili vilikuwa vimeota nywele. Zilikuwa nyeupe pe! Daktari Faustine alikwisha kumweleza kwamba mara nyingi zinaanza hivyo, na rangi hufuata baadaye. Kipara cha tatu kilikuwa bado kinafikiria.

Shangazi Mary alizitazama nywele zile kwa muda mrefu. Akanyoosha kidole, akazigusa polepole.

"Kama za mama," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

Shule ilipofunguliwa, Nyangi aliingia bwalo la Bunda kichwa wazi. Msichana mmoja aliona mabaka meupe, akapiga goti kwa dharau.

"Shikamoo, bibi!"

Wote wakageuka kumtazama.

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu Nyangi, na akajishika kiuno. "Nisogezee hicho kikombe cha uji. Mgongo unaniuma."

Bwalo zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo wakamwita Bibi, naye kila walipomwita aliitika.