Vijiti Alivyofuta Najat

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Najat alimsaidia baba yake, Mzee Hatibu, kutoa mali nje. Walianza na magodoro, yakafuata mabeseni ya plastiki, ndoo na vitanda viwili vya chuma. Ilipofika saa moja, baraza la duka lao katika mtaa wa Ngarenaro lilikuwa limejaa.

Zamani mabaraza ya mtaa ule yalikuwa njia. Mtu alitembea chini ya mabati kutoka duka la kwanza hadi la mwisho bila kuguswa na jua wala mvua. Lakini tangu biashara ilipofunguliwa na mali za nje zikaingia kwa wingi, kila mwenye duka alisogeza vitu vyake nje kidogo, na jirani yake naye hakutaka kubaki nyuma. Mwaka huo wa 1994 watu walitembea barabarani pamoja na magari, na mabeseni ndiyo yaliyokaa kivulini.

"Mali isiyoonekana hainunuliwi," Mzee Hatibu alipenda kusema.

Wakati huo Manispaa ilikuwa inatafuta mtaa wa kuanzia kutengeneza njia za waenda kwa miguu. Mitaro ingefunikwa, miti ingepandwa na mabaraza yangeachwa wazi. Shule iliombwa isaidie kuhesabu watu, na Mwalimu Hedwiga akaligawa darasa la sita mitaani.

"Kila anayeshuka barazani na kuingia barabarani, mchoree kijiti kimoja," alisema. "Msiongeze, msipunguze. Mtaa wenye vijiti vingi ndio utakaoanza."

Najat alipangiwa ng'ambo ya duka la baba yake. Kwa saa moja alichora vijiti sitini na vitatu. Cha mwisho kilikuwa cha rafiki yake Penina, ambaye mguu wake wa kushoto ulipooza alipokuwa mdogo. Penina alifika kwenye magodoro, akatanguliza gongo lake barabarani, akateremka polepole. Alipomwona Najat, alitabasamu.

Najat aliitazama karatasi. Akilini alimwona baba yake akiamriwa kuondoa mali, wateja wakipita bila kusimama, na chanzo cha yote ni yeye. Akachukua raba, akafuta hadi vikabaki vijiti tisa. Kijiti cha Penina hakikuwa miongoni mwa hivyo tisa.

Mtaa mwingine ukachaguliwa.

Wiki mbili baadaye, mvua ikinyesha, Penina aliteremka mahali palepale. Gongo liliteleza, akaanguka, na pikapu iliyokuwa ikirudi nyuma ikamgonga. Mzee Hatibu mwenyewe ndiye aliyembeba kumpeleka hospitali. Mkono wa Penina ulikuwa umevunjika.

Jumapili Najat na baba yake walikwenda kumjulia hali nyumbani kwao.

"Pole, Penina," alisema Najat.

"Nimeshapoa. Najat, siku ile mlipohesabu, nilishuka palepale. Nilikuwa wa ngapi?"

Aliuliza bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomuumiza Najat zaidi. Machozi yakamtoka.

"Wa sitini na tatu," alisema. "Lakini nilikufuta. Niliwafuta wengi."

Mzee Hatibu alikuwa ameketi karibu na mlango, kofia yake mkononi. "Kwa nini, mwanangu?"

"Niliogopa wataondoa mali zako, baba."

Mzee hakumgombeza. Aliitazama plasta iliyofunga mkono wa Penina.

"Basi tumemfuta sote wawili," alisema. "Wewe kwa raba, mimi kwa magodoro."

Kesho yake walifika shuleni mapema. Najat alimwamkia Mwalimu Hedwiga shikamoo, kisha akaeleza yote. Mwalimu aliumia, na uso wake ulionyesha. Halafu akampeleka Manispaa, akamtaka aseme hesabu ya kweli kwa kinywa chake. Najat akaisema. Mtaa wao ukaandikwa uwe wa pili.

Mzee Hatibu hakusubiri. Alirudisha magodoro ndani, mabeseni akayatundika ukutani. Majirani walimcheka. "Mzee unahama?" waliuliza. Mvua iliponyesha, watu wakajibanza kwenye baraza lake, wakachungulia ndani, na wengine wakaingia kununua. Mwezi haukuisha kabla majirani wawili hawajaanza kurudisha mali zao ndani.

Siku moja Mwalimu Hedwiga alipita dukani akamkuta Najat akifagia barazani.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alimwambia. "Mtaa nao huugua, Najat. Ukiificha hesabu yake ili kumlinda mtu wako, unamwacha mtu mwingine aumie. Wewe ulisema kweli, ingawa ulichelewa. Siku nyingine usichelewe."

"Nimesikia, mwalimu."

Wakasikia gongo likigonga sakafu ya baraza. Penina alikuwa anakuja, plasta imeshatolewa. Alipita mbele ya duka taratibu chini ya mabati.

"Najat," alitania, "leo mimi ni wa ngapi?"

"Leo sikuhesabu," Najat alijibu. "Hujashuka."