Na Ninyi Mufike Kwetu

Kiti cha karibu na dirisha kilikuwa na joto. Jeannine alikigusa kwa bahati tu, akikisogeza ili afagie, akaondoa mkono kama mtu aliyegusa shavu la mgonjwa. Gustave, mumewe, alikuwa bado Hillbrow anakolinda jengo la ghorofa. Chloé, mtoto wao wa pekee, alikuwa bafuni anapiga mswaki. Jua halijafika upande ule wa nyumba, na tangu jana hakuna aliyekalia kiti kile. Chumba kilinuka majani ya mlimani yaliyoungua kisha yakanyeshewa.

Akafungua dirisha, akaendelea kufagia. Mtu anayengojwa saluni na vichwa vya kusuka hana nafasi ya kuogopa kiti.

Ilikuwa Jumatatu. Jumamosi walikuwa wamekwenda kutembea kwenye vilima vya kusini mwa mji, na wazo lilikuwa la Kamande, jirani yao Mkenya afanyaye kazi benki, mtu anayenunua viatu vya ghali ili apande mlima ambao hakuna anayemfukuza kuupanda. Jeannine alimcheka sana. Alimwambia sisi Wakongo wa Uvira milima tuliipanda na magodoro kichwani, risasi zinalia nyuma, hatukujua kumbe ni michezo. Kamande akasema basi safari hii abebe mkate, godoro aliache.

Gustave alikuwa ametoka zamu, akabaki kulala. Wakaenda watatu. Vilima vya kule vinapanda na kushuka taratibu kama migongo ya ng'ombe waliolala, na kutoka juu unaiona Johannesburg yote: mnara wa Hillbrow, malundo ya mchanga wa manjano wa migodi, na uwanja wa mbio za farasi wa Turffontein, mtaa wanakoishi, mdogo kama sahani. Huko juu pana magofu. Kuta za mawe za watu wa kale zimezungukazunguka, na katikati pana gofu kubwa ambalo watembezi hulitania kwa jina la Kasri. Paa halina. Kilichobaki kizima ni mlango, mawe mawili yamesimama na la tatu limelazwa juu yake.

Jeannine alipiga makofi mbele ya mlango ule, akasema kwa mzaha, "Hodi, wenyewe." Wakaingia, wakala kivulini. Kamande alipopewa mkate akasema asante, Jeannine akajibu karibu, na Kamande akamtania kwamba sasa amekuwa Mkenya kabisa. Ni kweli. Kwao Uvira aliyeshukuru hujibiwa "hakuna neno", lakini saluni yake ya Rosettenville imejaa Wakenya, na ile "karibu" yao ilikuwa imemkaa mdomoni hata inatoka yenyewe.

Hayo yote hayakuwa kitu. Neno lilikuja wakati wa kuondoka. Jeannine alilelewa na mama asiyemsamehe mtoto anayetoka nyumba ya watu bila kuaga, na adabu ya utotoni haiulizi kama mwenye nyumba yupo. Alikung'uta makombo, akageuka mlangoni.

"Haya, sisi tunaenda. Na ninyi mufike kwetu."

Upepo ukakatika. Majani yaliyokuwa yameinama kilima kizima yakasimama wima. Na walipokuwa wanashuka, Chloé alitembea pembeni, mkono mmoja ameunyoosha juu, kama mtoto aliyeshikwa na mtu mrefu.

Jumanne kiti kilikuwa na joto tena. Mbwa wa jirani, anayebwekea hata karatasi, alilala chini ya gari akiutazama mlango wao bila sauti. Jioni umeme ukakatwa, kama ulivyokuwa ukikatwa mwaka ule wa 2019, na Jeannine alikuwa anapakua kwa mshumaa alipoona Chloé anaweka sahani ya tatu mbele ya kiti cha dirishani. Akamkumbusha kwamba papa, baba yake, yuko kazini.

"Si ya papa," mtoto akasema. "Mgeni hajala."

Chloé alizaliwa hapa hapa. Kiswahili alikisikia, lakini kujibu alijibu Kiingereza, au Kizulu cha barabarani. Mama yake alikuwa amembembeleza, amemwahidi peremende, amefunga na kuomba, wapi. Sasa kilitoka kimenyooka, kizito, kama kimekaa miaka mingi kabatini. Na hapo Jeannine alikosea, Mungu amrehemu, maana wengi wetu tungekosea hivyo hivyo: hakuogopa. Alifurahi. Akaiacha sahani pale pale, akamwomba mtoto aseme tena.

Furaha haikukaa. Chloé alizungumza na kile kiti asubuhi na jioni, kwa sauti ya chini, akinyamaza ili asikilize, akicheka pasipo kichekesho, na chakula chake akakimimina kwenye ile sahani ya tatu ambayo asubuhi ilikutwa kavu kama imelambwa, na mwili wake ukapungua hata gauni la kanisani likamning'inia mabegani, na kila alipoamshwa nyayo zake zilikuwa baridi, zina vumbi jekundu na zile mbegu nyeusi za mlimani zinazonata kwenye soksi, ilhali mlango ulifungwa kwa ufunguo na ufunguo ulilala ndani ya sidiria ya mama yake.

Alhamisi Jeannine alipiga magoti mbele yake.

"Mgeni wako anasema nini?" alinong'ona.

"Anasema ameshiba. Jumamosi anarudi kwake."

"Aende salama."

"Mgeni haendi peke yake, mama. Mimi nitamusindikiza."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwake. Ndani."

Ijumaa pasta Octave alikuja na watu wake wa maombi. Mgeni wa namna ile wengine humwita jini, wao walimwita pepo, wakamwamuru atoke, na kila walipopaza sauti damu ilimchuruzika mtoto puani na ile harufu ya majani ikapanda hata macho yakawasha. Chloé hakukasirika. Alisema neno moja tu: alialikwa. Pasta akafuta uso, akauliza nani kamwalika, na Jeannine akaungama yote, la mlangoni na lile la kufurahi. Pasta alikuwa mtu mkweli. Akasema hili limemshinda, akampigia simu Mama Célestine, bibi wa Fizi anayeuza vitenge Newtown na ambaye wengi humkimbilia wakiwa na mambo ya namna hii.

Bibi hakupaza sauti. Alikisalimu kiti, kisha akamvuta Jeannine jikoni.

"Mwizi ndiye anafukuzwa," alisema polepole. "Mgeni anasindikizwa. Lakini asiende na mutoto. Aende na kinywa kilichomwita. Umufikishe pa mulango, useme, mimi naishia hapa. Kisha funga kinywa mpaka nyumbani. Hata akilia. Hata akikutukana."

Asubuhi ya Jumamosi Gustave alimshika mtoto, zaburi mdomoni. Jeannine akasimama mbele ya kiti, akasema, "Mgeni, twende. Nitakusindikiza mimi." Mkono wake wa kulia ukashikwa.

Kamande aliendesha bila kutazama kioo, na gari liliinama nyuma kama limebeba saruji. Kisha Jeannine akapanda peke yake, mkono umeinuliwa, bega linauma, huku jua likiwaka na watembezi wengine wakimpita na kofia zao na kumsalimu bila kuona kitu, na kila kilima alichokivuka kikafuatwa na kingine kana kwamba nchi ile ilikuwa inajiongeza mbele yake, na vidole visivyoonekana vikazidi kubana kadiri mawe yalivyokaribia, mpaka akasimama pale pale aliposimama wiki iliyopita.

"Mimi naishia hapa."

Vidole vikaachia. Upepo ukarudi, majani yakainama. Jeannine akafumba kinywa, akageuka, machozi yanamtoka, moyoni anamshukuru Mungu. Nyuma yake hakikulia kitu. Hakikutukana. Ilikuja sauti ya upole, kama ya mteja anayeinuka akitazama nywele zake kwenye kioo.

"Asante, mama."

"Karibu," Jeannine akasema.

Nyumbani alikuta Chloé anaomba mayai kwa Kiingereza kama zamani, bila neno la Kiswahili, na Gustave analia kama mtoto. Hakuwaambia neno lililomponyoka. Alimwambia Mama Célestine peke yake, kwenye simu, na bibi akamwambia asikiache kile kiti kitupu.

Siku hizi katika nyumba ile aliyebisha hodi hufunguliwa mlango kimya, na wageni husema mke wa Gustave ameota kiburi. Gustave alitaka kukichoma kiti, Jeannine akakataa, akiwaza kwamba mgeni atachagua pengine pa kukaa. Kwa hiyo hukikalia yeye, akichambua mboga, akisinzia, akiinuka pale tu asipoweza kuvumilia.

Jioni moja Chloé alikuja kumlalia mapajani, akaingiza kiganja chini, kati ya mama na mbao.

"Mama, kiti kina joto."

Jeannine akamwambia ni joto la mama tu. Alikuwa ameshalisema, anaanza hata kutabasamu, ndipo akasikia mtoto ameongea kwa lugha gani.