Mjomba Lukasi Hajashiba

Wali ulikuwa umetafunwa. Sisemi umeliwa, nasema umetafunwa. Martina alifunua sufuria saa sita na nusu mchana ili apakue, akakuta katikati ya wali pamechimbwa shimo la ukubwa wa ngumi, na ndani ya shimo lile limerudishwa tonge lililosagwa likawa uji, na alipoinua mfuniko mate yakavutika nao kama mlenda. Alinusa. Ulikuwa ugoro, na nyuma ya ugoro kulikuwa na harufu ya kinywa kisichoona mswaki mwaka mzima. Alimwaga wali wote nje kwa kuku wa jirani, na kuku wakasogea, wakatazama, wakaondoka zao.

Panya, alijisemea. Haya, panya gani huyo anayefunua sufuria, anatafuna, anatema, kisha anafunika vizuri kama alivyokuta?

Nyumba yenyewe iko mtaa wa Mafiga, chini ya milima ya Uluguru, vyumba viwili na sebule. Martina ni fundi cherehani, anashonea barazani. Mumewe Erick anatengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda kilicho jirani, na mchana hurudi nyumbani kula. Wana mtoto mmoja, Neema, wa miezi minane. Sebuleni, mahali ambapo watu wenye akili zao huweka kabati la vyombo, Erick ameweka kompyuta ya zamani yenye skrini ya chogo, na kompyuta hiyo haizimwi usiku wala mchana.

Ni ubao, ndivyo wanavyouita wenyewe. Watu kama kumi na tano, wengine wako Dar, wengine Dodoma, wawili Ulaya huko, na wote wana ugonjwa mmoja. Wanaingia kwenye kompyuta ya Erick kwa mtandao, mmoja mmoja kwa zamu, wanaachiana ujumbe na kucheza michezo ya DOS, mfumo wa kompyuta za kale, ile isiyo na picha, maandishi ya kijani matupu kwenye kioo cheusi. Watu wazima hao, wenye simu za maana mfukoni! Mchezo waliokuwa wanaupenda kuliko yote uliitwa Ngome ya Njaa, na Erick alikuwa ameutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kila mchezaji ana mtu wake humo ngomeni. Kila siku anaingia, anapigana mara chache, kisha anabonyeza K, yaani kula. Asipomlisha mtu wake siku kumi na nne mfululizo, jina linafutika kwenye orodha.

Aliyeongoza orodha hiyo miaka mitatu mfululizo alikuwa Mjomba Lukasi, kaka wa mama yake Erick, karani mstaafu wa shamba la miwa. DOS aliijulia ofisini akiwa kijana, na ndiye aliyemfundisha Erick kushika kompyuta. Uzeeni alihamia kwao Mafiga na meno yake machache ya nyuma, ugoro haumtoki mdomoni, kipande cha nyama anakitafuna nusu saa kisha anakitema pembeni mwa sahani. Martina alivumilia, kwa sababu mkwe ni mkwe. Mzee akafariki mwanzoni mwa masika, akazikwa kijijini kwao Matombo, na mvua ikakata barabara kabla ukoo haujakaa kikao cha kurithisha jina lake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa ukoo wao, jina la marehemu hupewa mtu wa upande wa mama, na mpaka lipate mrithi haliitwi ovyo, hasa haliitwi kwenye chakula. Ukimkaribisha kula mtu ambaye jina lake halina mwenyewe, atakuja. Erick alilijua hilo tangu akiwa mtoto. Lakini siku ya kumi na tatu baada ya mazishi alipoona jina la mjomba wake linakaribia kufutika, roho ilimuuma. Akaingia kwa neno la siri la marehemu, akacheza zamu zake zote, akaandika kama walivyozoea kutaniana, "Mjomba Lukasi, karibu chakula," akabonyeza K. Akaendelea hivyo kila siku saa sita mchana kwa miezi miwili. Haikumpitia akilini kwamba hata pale palikuwa mezani.

Martina alimshuku Erick. Walinuniana siku tatu kwa ajili ya wali, kisha maharage yakatafunwa, kisha mchicha, na safari hiyo Erick alikuwa kazini tangu asubuhi. Siku nyingine Martina alipangusa vumbi kwenye kompyuta, kidole kikaganda kwenye herufi K. Ilikuwa inanata. Alipokivuta, kidole kilikuja na uzi wa mate ya kahawia, na Martina akaenda kutapika kwenye beseni la nguo, akazifua upya zote.

Halafu Neema akakataa ziwa. Mtoto hakulia wala hakukonda, alinenepa. Mashavu yalijaa, tumbo likawa gumu, na pumzi yake ikaanza kunuka uvundo ambao hakuna mama anayetegemea kuunusa kwa mtoto wa miezi minane. Walimpeleka hospitali, daktari akampima uzito akasema mtoto yuko vizuri, labda mama apunguze kumlisha. Kumlisha nini? Jioni hiyo Martina alimfungua mdomo kwa kidole, akavuta, na kikatoka kinyuzi cha nyama, kirefu, cheupe, kimefyonzwa mpaka hakina ladha. Nyumbani kwao wiki nzima walikuwa wamekula dagaa.

Alimwonyesha Erick. Erick alikitazama, akanawa mikono ingawa hakukigusa.

Alhamisi iliyofuata, saa tisa alasiri, mvua ikinyesha na milima ya Uluguru imefunikwa na mawingu, Martina alikuwa barazani anamalizia sketi aliposikia sebuleni mtu anatafuna. Ni sauti anayoijua kila mtu aliyewahi kula na mzee asiye na meno ya mbele, chwa, chwa, chwa, taratibu, na kila baada ya muda kituo kidogo cha kufyonza. Aliingia. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa pameandikwa jina la aliyekalia zamu, LUKASI, na chini yake herufi K zilikuwa zinajipanga zenyewe moja baada ya nyingine bila mtu kwenye kiti, na kila K ilipotokea sauti ile ilitafuna mara moja, na Martina alipogeuka polepole kutazama mkeka alipomlaza mwanawe, maana sauti haikuwa inatoka kwenye kompyuta, alimwona Neema amelala chali, ametulia, macho yamemtoka kwa raha, mdomo umeachama kama wa kinda la ndege, na juu yake, hatua moja kutoka sakafuni, mahali ambapo hapakuwa na mtu wala kitu, uji wa kijivu ulikuwa unatoka hewani na kushuka kwa uzi mrefu wa mate, unayumba, unagusa ulimi wa mtoto, na mtoto anameza, anaachama tena, anasubiri.

Martina alimnyakua mtoto na uji ukamwangukia yeye mkononi. Ulikuwa na uvuguvugu. Mpaka leo anauosha mkono huo kwa sabuni ya unga.

Erick alipopata habari alifanya kosa la pili. Mtu wa kompyuta akikuta tatizo anafuta, ndiyo akili yake ilipoishia. Alilifuta jina la Lukasi kwenye orodha, akamwambia mkewe yamekwisha. Kesho yake saa sita mchana Martina alijaribu kumnyonyesha mtoto, na Neema kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akalipokea ziwa, Martina akafurahi, kisha akapiga yowe, ameng'atwa. Alitazama ndani ya mdomo wa binti yake. Kwenye ufizi wa chini, nyuma kabisa, lilikuwa limeota gego moja zima, kubwa la mtu mzima, la njano, lenye tundu jeusi. Na kwenye kompyuta Mjomba Lukasi alikuwa amerudi juu ya orodha.

Wakaenda Matombo. Barabara ilikuwa tope tupu, pikipiki iliwafikisha nusu njia, kulikobaki wakapanda kwa miguu katikati ya migomba, Martina amembeba mtoto mgongoni na pumzi yake inamchoma shingoni. Bibi Scholastika, mama mdogo wa marehemu, ndiye anayetunza majina ya ukoo wao. Ni mwanamke wa kanisani, rozari shingoni, na mambo ya ukoo anayafanya mchana kweupe uani kwake bila kuona haya. Alipokea shikamoo zao, akasikiliza habari yote, akamfunua mtoto mdomo, akalitazama gego, akamgeukia Erick. Hakupaza sauti.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Wewe umempa kijiko miezi miwili, halafu umemfukuza kabla hajanawa mikono."

Erick alijitetea kwamba ulikuwa mchezo tu. Bibi akamjibu kwamba marehemu hajui mchezo, anajua kuitwa. Na kwa kuwa jina halina mwenyewe, ameamua kulitafutia mwili yeye mwenyewe, anaulisha ulainike. Shida ni kwamba Neema ni mtoto wa Martina, ni wa ukoo wa Martina. Jina la ukoo wa Lukasi halimtoshi. Litajaa ndani yake mpaka limpasue, na kwa gego lile, alisema, zimebaki siku zisizofika saba.

"Basi linamtosha nani?" Martina aliuliza.

Bibi Scholastika alimtazama Erick, mpwa halali, mtoto wa dada. Erick alitazama chini.

Martina aliambiwa apike ndizi na maharage. Alipika, akaepua, akafunika sufuria, wakaiweka katikati ya ua, wakakaa kando. Bibi akamwita marehemu kwa jina lake mara moja, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayemwita jirani. Hawakuona kitu. Walisikia tu kutafuna, na Neema mgongoni akawa anaachama kwa kila sauti. Kulipotulia, Bibi akafunua. Sufuria nzima ilikuwa uji wa kijivu wenye mapovu, juu umetanda utando wa mate, na nyuzinyuzi za ugoro zinaelea, na ule mvuke uliopanda, Mungu aepushe, mbwa wa Bibi aliinuka akatoka uani.

"Ule wote," Bibi alimwambia Erick. "Usiteme hata punje."

Erick alichota kwa mkono. Tonge la kwanza liliteleza kati ya vidole, akalikimbizia mdomo, akalimeza bila kulitafuna kwa sababu hakukuwa na cha kutafuna, kilishatafunwa. La pili likarudi mpaka puani, machozi yakamtoka, akalimeza tena. Alipofika la tano alimtazama mkewe, na uso wake ulikuwa unaomba ruhusa ya kuacha. Martina alimpenda mumewe, hilo asilitilie mtu shaka. Lakini mgongoni mtoto alikuwa ameanza kukoroma kwa kukosa hewa, tumbo limevimba mpaka khanga inakatika.

"Kula, baba Neema," alimwambia kwa sauti ya chini. "Kula."

Akala. Akaikwangua sufuria kwa vidole, akalamba vidole. Alipomaliza, Neema alikohoa, na gego likamdondokea mama yake begani, na mtoto akalia kilio cha mtoto. Martina alimleta mbele, akampa ziwa palepale uani, akanyonya kama mtoto yeyote mwenye njaa. Martina alilia kwa furaha na hakuona haya. Gego akalitupa chooni.

Bibi akamwambia tangu leo mumewe ndiye Lukasi na amwamkie kwa umri wa jina. Martina aliona ni desturi tu, ya siku mbili tatu. "Shikamoo, mjomba," alisema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Erick, akafuta mdomo kwa kiganja.

Hayo ni ya mwezi uliopita. Sufuria hazijatafunwa tena pale Mafiga na Neema ananuka maziwa. Ila Erick haendi kibandani. Anashinda kwenye kompyuta, anabwia ugoro ambao hakuwahi kuubwia maishani, na mama yake mzazi alipokuja kuwatembelea, Erick ndiye aliyemuuliza kama kile kidonda cha mguu ambacho mama alikipata mtoni akiwa mtoto, kabla Erick hajazaliwa, kimepona. Mama alilia, akamwita kaka. Wakati wa chakula Erick anatafuna muda mrefu mno, na Martina amejifunza kula jikoni peke yake.

Juzi mchana uvumilivu ulimwishia. Alimlaza mtoto chumbani, akafunga mlango, akaja akachuchumaa mbele ya kiti cha mumewe wakati anatafuna, akamshika kidevu kwa mikono miwili ingawa kilikuwa kimelowa.

"Baba Neema," alinong'ona. "Upo humo?"

Mataya yakasimama. Mdomo ukafunguka kidogo, uji umejaa mpaka kwenye midomo, na kutoka chini kabisa ya uji huo, mbali, ikaja sauti ya Erick.

"Nipo, Martina. Ananitafuna."

Kisha mdomo ukafungwa, na yule mzee akameza, akaomba maji ya kunywa.