Kwa Nini Zamoyoni Alihama Mwabuluma

Siku ya kusaga, Mageni aliondoka nyumbani alfajiri. Debe la mahindi kichwani, mtoto mgongoni, akaishika njia ya Samuye. Huko alikuta wanawake wamejipanga mpaka nje ya banda la mashine. Alipopata unga wake jua lilikuwa limeshapinda. Alifika nyumbani shingo inawaka moto. Hakuna maji, hakuna kuni. Watoto walikuwa wamekaa kizingitini wanatafuna michembe, vile viazi vilivyokaushwa, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine.

Zamani haikuwa hivyo. Kijiji chao cha Mwabuluma kilikuwa na mashine yake ya kusaga. Mwenye mashine aliitwa Zamoyoni, mfanyabiashara kutoka Shinyanga mjini. Alikaa misimu michache tu. Kisha akaing'oa mashine yake, akaipakia kwenye lori, akaondoka na mkewe Mwasiti. Mashine ilipoondoka, duka la Pantaleo likakosa wateja, nalo likafungwa. Halafu vijana wakaanza kutoka. Wengine walikwenda kutafuta kazi Mwadui, kwenye mgodi wa almasi. Wengine walikwenda Rwamgasa, upande wa Geita, kuchimba dhahabu. Huo ulikuwa mwaka wa 1985. Nyumba kadhaa za Mwabuluma zilikuwa zinalala mbuzi.

Jioni ile Maige, mume wa Mageni, alikula ugali. Aliponawa mikono ndipo aliposema.

"Mama Melania, tumekaa vya kutosha. Mahindi tumevuna. Kabla ya msimu mwingine wa kulima, tunahamia Rwamgasa. Sote."

"Sote? Na watoto?"

"Na watoto. Huko kuna watu, kuna biashara. Hapa tumebaki kulinda mashimo ya panya."

"Melania atasoma wapi huko? Wachimbaji wanalala kwenye vibanda vya maturubai. Leo wako hapa, kesho shimo limekauka, wanahama."

"Na hapa je? Mwalimu wa darasa la Melania ameomba uhamisho. Hujasikia?"

Mageni hakuwa amesikia. Alishika ukingo wa kigoda. Mwalimu akiondoka, na shule ikafuata njia ya mashine na duka, angemwambia nini mumewe?

"Nipe mpaka mvua za kwanza," alisema.

"Kwa nini?"

"Nipe tu, Baba Melania."

"Haya. Mpaka mvua za kwanza. Zikinyesha, tunafunga mizigo."

Wiki ile Bibi Maendeleo alipita kijijini. Jina lake Apolonia. Alikaa Samuye, na alizunguka vijiji kwa baiskeli akizungumza na watu juu ya maji, lishe na kazi za vikundi. Mageni alimkuta anapumzika kwenye baraza la ofisi ya kijiji. Alimweleza yote.

"Kwani Zamoyoni aliondoka kwa nini?" Apolonia aliuliza.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Maduhu, alikuwa amekaa hapo hapo. Akajibu yeye. "Mtu wa mjini yule! Hawezi vumbi."

"Hapana," akasema mzee mwingine. "Alirogwa."

"Alikuwa na tamaa," akasema wa tatu.

Apolonia alicheka kidogo. "Majibu matatu. Nani kati yenu amemuuliza mwenyewe?"

Hakuna aliyenyanyua mkono.

"Basi tuanzie hapo," Apolonia alisema. "Kila kijiji ninachokwenda wananiambia, Bibi Maendeleo, tuletee mwenye mashine, tuletee mwenye duka. Mimi nawauliza, waliokuja kwanza waliwakimbieni kwa nini? Usipolijua hilo, hata ukileta wengine, watapita kwenye mlango ule ule."

Mageni alikohoa. "Mimi nitakwenda kumuuliza."

"Wewe, mama?" Mzee Maduhu alishangaa.

"Shingo yangu ndiyo inayobeba debe, mzee."

Walikwenda wote wawili, Mageni na Apolonia, kwa lori la pamba mpaka Shinyanga mjini. Zamoyoni walimkuta mtaa wa nyuma ya soko. Banda lake lilibanana na mabanda mengine ya kusaga. Mashine zote zilinguruma, lakini wateja walikuwa wa kuhesabika.

"Shikamoo, baba," Mageni alisema.

"Marahaba. Ah! Wewe si wa Mwabuluma wewe?" Zamoyoni alifuta mikono yenye unga. "Karibuni. Mwasiti! Njoo uone wageni."

Mwasiti alileta chai. Apolonia hakuzunguka. "Tumekuja kuuliza, si kulaumu. Kilichokuhamisha ni nini?"

Zamoyoni alivuta kigoda karibu. "Nitawaambia. Kwanza lile korongo. Mvua ikinyesha, lori haliwezi kuvuka. Dizeli yangu inakaa ng'ambo, mimi nakaa huku. Wateja wanakuja na madebe yao, nawaambia hakuna mafuta, wanasema nawaringia. Pili, kiwanja. Nilionyeshwa mahali, nikajenga banda. Akaja kiongozi mwingine akasema, hapo ni pa ghala, sogea. Nikasogea. Akaja wa tatu na lake. Mtu atajenga nyumba ya matofali kwenye kiwanja kinachotembea?"

"Na wateja?" Apolonia aliuliza.

"Walikuwepo, lakini mmoja asubuhi, mmoja mchana, mmoja jioni. Kuwasha mashine kwa debe moja ni kuchoma mafuta bure."

Mageni alimgeukia Mwasiti. "Na wewe, Mama Akida?"

Mwasiti aliinamisha macho. "Mimi ni maji. Nilichota lambo moja na ng'ombe. Akida wangu aliharisha mpaka nikadhani namzika. Na nilikuwa peke yangu. Lamboni mlikuwa mnaongea Kisukuma, mimi sikijui. Hakuna aliyenikaribisha kwake. Siku nyingine nilikuwa naongea na kuku."

Mageni aliweka kikombe cha chai chini. Nyumba ya Mwasiti ilikuwa ng'ambo ya shamba lake. Alikuwa anauona moshi wa jiko lake kila siku.

"Mambo hayo yakitengenezwa, utarudi?" Apolonia alimuuliza Zamoyoni.

Zamoyoni alitazama mabanda yaliyombana kushoto na kulia. "Hapa tunagombania gunia moja watu wanne. Kule ningekuwa peke yangu. Lakini sirudi kwa maneno. Nitakuja kutazama kwa macho yangu."

Mkutano wa kijiji uliitishwa. Mageni alisimama, akasema yote aliyoyasikia. Watu walinung'unika. Mzee Maduhu akanyanyua mkono.

"Tumpelekee ng'ombe dume," alisema. "Tumwambie tutamjengea nyumba bure. Atakuja."

"Atakuja, kisha ataondoka," Apolonia alijibu kwa upole. "Mzee wangu, mtu hakai mahali kwa sababu ya ng'ombe wa siku moja. Anakaa kwa sababu njia inapitika, maji ni safi, na neno aliloambiwa jana ndilo hilo hilo leo. Msiahidi msichokuwa nacho. Tengenezeni kilicho mikononi mwenu. Na mkitengeneza, si kwa ajili ya Zamoyoni peke yake. Mwalimu naye anapita korongo hilo. Mtoto wako naye anakunywa lambo hilo."

Mzee Maduhu alikuna kidevu. Mwishowe akasema, "Sawa. Mawe tunayo. Mikono tunayo. Tuanze."

Kiangazi chote kilikwenda kwenye kazi. Wanaume walichimba kingo za korongo zikawa na mteremko mwepesi. Walipanga mawe makubwa chini, wakajaza madogo juu, wakayashindilia. Maige alikwenda siku ya kwanza shingo upande. Siku ya pili alikuwa anawapigia wenzake kelele kwamba mawe yamekaa vibaya.

Wanawake nao walikuwa na kazi yao. Apolonia aliwapeleka kwenye ofisi ya maji. Fundi alikuja, akapima, akawaonyesha mahali pa kuchimba. Kijiji kilichimba, ofisi ikaleta pampu ya mkono. Wakazungushia miiba ng'ombe wasifike. Wakachagua wanawake wa kuitunza pampu, Mageni akiwa mmoja wao.

Kiwanja nacho kilipimwa mbele ya mkutano mzima. Mipaka ikapandwa minyaa. Mzee Maduhu akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Hiki ni cha mwenye mashine. Kiongozi atakayekuja kesho akimwambia asogee, mkumbusheni siku ya leo."

Jambo la wateja walilimaliza kwa kukaa na vijiji viwili vya jirani. Wakakubaliana siku maalum za kusaga. Siku mojawapo wakaifanya siku ya gulio, soko la kila wiki. Anayekuja kusaga atauza kuku wake, anayekuja kuuza kuku atasaga.

Zamoyoni alikuja kutazama. Alishuka korongoni, akakanyaga mawe kwa kisigino. Alipampu maji, akayaonja. Alizunguka mipaka ya kiwanja chake.

"Nitaleta mashine," alisema.

Watu walipiga vigelegele. Lakini kabla ya siku ya lori kufika, mawingu yalijikusanya upande wa Ziwa. Mvua za kwanza zilinyesha mapema, tena za kumwaga.

Asubuhi ile Maige alisimama mlangoni akitazama maji yanavyopita uani. Kwenye kona mizigo mingine ilikuwa imeshafungwa kamba. Mageni alikuwa anaichungulia kamba ile kwa pembe ya jicho.

"Mvua za kwanza," Maige alisema.

"Najua."

Mara ukasikika mngurumo wa lori ng'ambo ya korongo. Wote wawili walitoka mbio, bila mwavuli, bila viatu. Kijiji kizima kilikuwa kinakimbilia huko huko.

Maji ya rangi ya chai yalikuwa yanapita juu ya mawe. Ng'ambo lilisimama lori, na nyuma yake ilifungwa mashine chini ya turubai. Zamoyoni alishuka, akayatazama maji, akatikisa kichwa. Dereva naye alishuka. Alionyesha kwa mkono njia ya kurudi Shinyanga.

Dereva akishageuza lori, basi.

Ndipo Maige alipokunja suruali. Aliingia majini akishika fimbo, anagonga mawe hatua kwa hatua. Maji yalimfika magotini, hayakupanda zaidi. Alifika katikati, akasimama, akaruka ruka pale pale.

"Yamekaa!" alipiga kelele. "Hayasogei! Njoo, nitatangulia mbele yako!"

Dereva alisitasita, kisha akapanda. Lori liliteremka polepole. Maige alitembea kinyumenyume mbele yake, anaelekeza kwa mikono yote miwili. Gurudumu liliteleza mara moja, wanawake wakaguna. Halafu likashika mawe. Lori lilipanda upande wa pili likitoa moshi, na watu wakalizunguka kama bwana harusi.

Mageni alikaa chini kwenye matope. Alicheka huku machozi yanamtoka. Maige alikuja kumwinua, amelowa mwili mzima.

"Twende nyumbani," alisema. "Kuna mizigo ya kufungua."

Kuanzia msimu ule, mashine ilisikika Mwabuluma. Mageni alisaga akarudi kabla uji wa mtoto haujapoa. Siku ya kwanza hakujua afanye nini na mchana uliobaki, akalala usingizi. Pantaleo alifungua duka tena. Fundi cherehani kutoka Tinde alikuja siku za gulio, kisha akaomba kiwanja. Mwalimu aliondoa ombi lake la uhamisho. Maige naye alianza kufyatua na kuchoma matofali, maana waliohamia walitaka nyumba. Neno la Rwamgasa halikusikika tena kinywani mwake.

Mwasiti, aliyemfuata mumewe, safari hii hakuachwa peke yake. Mageni alimpitia kila asubuhi kwenda kisimani, wakifundishana. "Mwangaluka," Mageni alimwambia, ndiyo salamu ya asubuhi. Mwasiti naye aliwafundisha kupika maandazi ya kuuza kwenye gulio.

Lakini mwezi wa Ramadhani ulipoisha, Mwasiti alikwenda mjini kula Idi kwa mama yake. Siku zikapita, hakurudi. Zamoyoni aliendelea kusaga, na akiulizwa alisema tu, "Ana mambo ya kumaliza kule."

Wanawake walianza kunong'ona kisimani. Mageni hakunong'ona. Kila aliposikia gari, alikuwa anaacha jembe.

Siku ya gulio lori lilivuka korongo na kusimama karibu na mashine. Mwasiti alishuka, Akida mkononi. Kisha akageuka, akamshika mkono bibi mmoja mnene aliyejifunga kanga mbili, akamteremsha taratibu. Nyuma yao vikashushwa godoro, birika na jamvi.

Mageni alikwenda mbio. "Mama Akida! Tulidhani umetutupa."

"Nikutupe niende wapi?" Mwasiti alisema. "Mama alikuwa anauza chumba chake kule mjini, ndiyo maana nimechelewa. Nimemleta akae hapa. Mama, huyu ndiye Mama Melania niliyekuambia."

Mageni alipiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Maji yenu yako wapi? Nasikia ni matamu."

Mageni alilichukua birika lile kutoka kwenye mizigo, akamwelekeza bibi njia ya kisimani.

Maige, aliyekuwa amesimama na wapakuaji, alikuwa anaipima kwa macho nyumba ya Zamoyoni. "Huyu mama atahitaji chumba chake," alimwambia Zamoyoni. "Kesho nawasha tanuru."