Kitambaa cha Mfano

Kuuliza si ujinga, lakini nyumbani kwa Mama Kwandu kuuliza kulikuwa utovu wa adabu.

Mama Kwandu na mkwe wake, Eufrasia, walidarizi vitambaa vya makochi mjini Bariadi. Maneno ya Kiingereza waliyanakili kutoka kitambaa kimoja cha zamani kilichotundikwa ukutani kama mfano: "Wonderfull Visiters."

"Mayu, maneno haya yako sawa kweli?" Eufrasia aliwahi kumuuliza mama mkwe, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Umeolewa hapa kushona au kunikagua?"

Eufrasia akaendelea kushona.

Leo Maximiliana, mteja wao kutoka Nyashimo, alisimama mlangoni, vitambaa vyote alivyoshonewa kwapani.

"Nimewatumia picha wakwe wa binti yangu. Wamecheka Kiingereza hiki! Sendofu ya kumuaga ni Jumamosi. Rekebisheni, la sivyo natafuta mafundi Lamadi!"

Eufrasia alitamani kupiga kelele. Angeandika "Karibuni Wageni", nani angecheka? Lakini mteja alitaka Kiingereza. Basi kiandikwe sawa!

Akavuka ua kwenda kwa jirani, Mwalimu Elizabeth, anayefundisha Kiingereza.

"Kiswahili unakiandika kama unavyokisikia," Elizabeth alisema. "Kiingereza hakina adabu hiyo, hasa mwisho wa neno. 'Full' ikisimama peke yake ina l mbili. Ikiwa mkia wa neno jingine, inabaki moja: wonderful, beautiful."

"Na visiters?"

"Visitors. Huishia na -or, kama doctor. Lakini teacher na farmer ni -er."

"Mbona yote yanasikika sawa? Nitajuaje, mwalimu?"

"Si kwa sikio. Andika kwa penseli kwanza. Fungua kamusi, linganisha herufi kwa herufi mpaka ya mwisho. Ndipo utie uzi."

Eufrasia akarudi na kamusi ya kuazima. Akafumua, akaandika kwa penseli kwenye karatasi, akalinganisha, akashona upya.

Ijumaa Maximiliana akasoma kila neno akilifuata kwa kidole. "Haya ndiyo mambo! Mdogo wangu naye anaolewa. Nitamleta."

Alipoondoka, Mama Kwandu akageukia ukutani. Kitambaa cha mfano kilikuwa kitupu. Nyuzi zote zimefumuliwa.

"Eufrasia! Hicho nilikishona nikiwa msichana!"

"Na kimetudanganya tangu hapo, mayu."

"Niombe radhi!"

Eufrasia akakitungua, akamsogezea pamoja na ile karatasi yenye maneno sahihi na sindano yenye uzi mwekundu.

"Siombi, mayu. Shika sindano."