Mshenga Aliyetazama Boriti

Idi ikikaribia, Biashara Street haina pa kutia mguu. Akina mama wanasukumana, tuktuk zinapiga honi bila sababu, harufu ya udi inapambana na jasho. Swafia alikuwa dukani, juu ya ngazi, akishusha leso alipomwona kijana mlangoni, shati jeupe, tai kailegeza kwa joto, simu mkononi, anapiga picha duka zima bila hata salamu.

"Kaka, wataka leso au wataka duka?"

Kijana akashtuka. "Samahani, dada. Ni picha za wawekezaji. Tunataka walete biashara huku Mji wa Kale."

"Basi piga na lile bomba. Waambie tangu juzi halitoi maji."

"Hilo nitalikata."

"Na mimi, utanikata?"

"Wewe nitakuweka mbele. Watakuja mbio."

Wateja wakaangua kicheko, na bibi mmoja akamuuliza waziwazi kama ana mke. Mapenzi yao yakazaliwa hivyo, mbele za watu, na watu hawakuyaacha tena.

Jina lake Tony Musyoka, Mkamba wa Kitui, mtoto wa marehemu mfanyakazi wa reli. Kampuni iliyomwajiri ilitafuta matajiri wa kuzigeuza nyumba kongwe kuwa hoteli na mikahawa. Tony aliiamini kazi yake. Alisema mji ukipata wageni, vijana watapata ajira na kuta zitaacha kubomoka. Swafia alimpenda akizungumza hivyo. Adhuhuri simu ilikuwa haikosi kulia.

"Umelala?"

"Nimelala. Huyu akujibuye ni jini."

"Jini, mwambie Swafia nimemkumbuka."

"Jini hatumwi bure. Nataka viazi karai vya Makadara, na ukwaju mwingi."

"Nikileta nitakuona?"

"Utaviona viazi vikiliwa, habibi. Vyakutosha hivyo."

Hata siku moja Tony akasema yuko tayari kusilimu na kuja kuposa. Swafia akainuka, akafunga mlango wa chumba.

"Basi sikiza," akasema. "Kwetu mwoaji hasemi. Mshenga ndiye asemaye, na asemalo yeye ndilo ulilosema wewe. Ukifungua mdomo umetuaibisha. Wanisikia?"

"Nimesikia, malkia."

Wajomba wa Tony kule Kitui waliposikia habari za kubadili dini, walikata simu. Hapa pwani hakuwa na mzee hata mmoja. Basi akamwomba bosi wake, Crispus, mtu wa suti na gari kubwa, awe mshenga wake, akiamini kwamba kwenda na mtu mzito ni kuwaheshimu wakwe.

Nyumba ya kina Swafia ilikuwa ya babu yake, ya ghorofa, mlango wa nakshi, ua katikati. Mamake, Bi Mejumaa, alibaki humo baada ya kufiwa na mume. Kisheria alikuwa na sehemu ndogo tu. Nyingine ilikuwa ya mashemeji zake, lakini miaka yote hakuna aliyetaja kuigawa. Lilikuwa jambo lisilotajwa, kama ugonjwa.

Siku ya posa nyumba ilijaa pomoni. Wanaume chini, wanawake juu wamejibana kwenye roshani ya ndani inayotazama sebule, Swafia katikati yao. Halwa ikapita, kahawa ikapita. Crispus akamsifu Tony kwa maneno mazuri. Ami Zein, kaka wa marehemu babake Swafia na mkubwa wa ukoo, akatabasamu, akasema kijana ni wa kupendeza na inshallah jibu halitachelewa.

Hapo Crispus akainua macho darini.

"Mzee, boriti hizi ni zile za asili?"

"Za tangu marehemu baba."

"Na juu kuna vyumba vingapi?"

Ami Zein akatazamana na ndugu zake. Kikombe cha mtu kiligonga sahani.

"Maadamu sasa tunakuwa jamaa, acha niseme wazi," Crispus akaendelea, mkono begani kwa Tony. "Nyumba hii imelala. Nina mwekezaji anayeitaka hata leo. Na huyu kijana ndiye aliyeniambia kuwa ni lulu." Akataja bei. Juu, mwanamke mmoja alishusha pumzi kwa sauti.

Swafia alimtazama Tony. Sema, alimwomba kimoyomoyo. Sema hata neno. Tony alikuwa amekikodolea macho kikombe chake, midomo imefungwa kama iliyoshonwa.

"Kumbe kaja kuposa nyumba," akasema Bi Swabaha, jirani wa dirisha kwa dirisha. Hakuinua sauti, lakini kabla ya magharibi maneno hayo yalishafika Makadara.

Swafia hakupokea simu tena. Ami Zein aliwatoa wageni kwa adabu na akaapa hauzi nyumba. Lakini bei ilikwisha tajwa. Ndugu zake wakaanza kupigiana simu. Huyu ana mtoto wa kusomesha, yule ana figo mbovu, na jambo lisilotajwa likawa ndilo pekee linalozungumzwa. Mvua za vuli hazijaanza, nyumba ikauzwa, Bi Mejumaa akahamishiwa vyumba viwili vya kupanga Kisauni, ng'ambo ya daraja, na sehemu yake ndogo ndani ya bahasha.

Ilipita miezi ndipo Swafia akakubali kuonana na Tony, kwenye bustani ya Kibarani, palipokuwa jaa la mji. Tony alikuwa amekonda. Amevaa kanzu iliyompwaya.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam. Nani kakuvisha?"

"Nimesilimu. Peke yangu, bila wewe kunisukuma. Naitwa Huzaifa. Kazi nimeacha."

"Huzaifa," Swafia akalijaribu. Lilimkaa vizuri, na hilo likamuuma. "Kwa nini ulinyamaza siku ile?"

"Uliniambia nisifungue mdomo."

Swafia alifumba macho. Alikuwa amelipata jibu hilo kitambo, usiku mmoja baada ya mwingine, na kulikimbia.

"Nilimsifia Crispus nyumba yenu kama mtu anavyosifia nyumbani kwa mchumba wake," Tony akasema. "Sikujua ataitolea bei. Niamini."

"Nakuamini. Ungekuwa mwongo ningelala."

"Basi nikuoe. Hata kesho. Mama nitamtunza."

"Utamtunza wapi? Uani mwetu, alipooshewa baba kabla ya kuzikwa, washachimba bwawa la kuogelea. Nimeona picha zao. Nzuri sana." Akajifunga mtandio upya. "Akisikia jina lako tu hutetemeka, na siku nyingine husahau kama tulihama. Unioe, yeye nimfiche wapi?"

"Nitangoja."

"Ngoja ukitaka, mpenzi. Sitakukataza, wala sitakuita."

Alimshika vidole, mara moja, mbele za watu, asijali nani atakwenda kusema, kisha akaondoka.

Alipofika Kisauni alimkuta mamake dirishani, amevaa leso mpya, macho kwenye ukuta wa jirani asiyemjua.

"Swabaha," Bi Mejumaa alikuwa akiita. "We Swabaha. Wageni wa posa washafika?"

Swafia alisimama nyuma yake, akaikwaruza sauti yake mpaka ikawa ya Bi Swabaha.

"Bado, Bi Mejumaa. Wako njiani."