Yowe la Moto

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Matrida alifukiza kibuyu cha maziwa. Alitia kaa la moto ndani, akakitikisa mpaka moshi wenye harufu nzuri ukatoka, kisha akakisafisha kwa ufagio mdogo wa mtende. Wakati huo mama yake alikuwa anamalizia kukamua, na maziwa yaliingia kibuyuni yakiwa bado na povu. Kaka yake Prosper, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, alifungua zizi. Baba yao alikuwa kambini katika kisiwa cha Rukuba akivua dagaa, na alirudi nyumbani kwa nadra.

Asubuhi ya Jumatatu moja, Matrida alikuwa ameshika kaa kwa koleo aliposikia yowe kutoka bondeni.

Hakufikiri. Nyumba yao ilikuwa juu ya mwinuko, katikati ya kitongoji cha Nyamisega. Yowe likipigwa bondeni, watu wa upande wa pili wa mwinuko hawalisikii mpaka mtu wa nyumba hii alipokee na kulipeleka mbele. Tangu akiwa mdogo alijua desturi ilivyo: ukisikia yowe unalipokea kwanza, maswali yatakuja baadaye. Anayekataa kulipokea, akipatwa na shida hakuna atakayetoka kwake kumsaidia.

Matrida akatupa koleo chini, akageukia upande wa pili, akapiga yowe kwa nguvu zake zote. Mama yake naye akapiga. Muda si mrefu wanaume wakaanza kukimbia kuelekea bondeni, kila mmoja na alichokiwahi. Prosper aliruka uzio akiwa na panga.

"Ng'ombe wameibiwa," mtu mmoja alisema njiani, na wote wakaamini.

Hakuna ng'ombe aliyekuwa ameibiwa. Kulikuwa na jiko linaungua, jiko la Bibi Nyamhanga, ajuza aliyeishi peke yake karibu na kijito. Ulikuwa mwezi wa tisa, na nyasi za paa zilikuwa zimekauka kabisa. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na kitongoji cha Kirambo, walikoishi wakulima wa pamba ambao wazee wao walihamia zamani kutoka upande wa Bunda. Watu wa Kirambo nao walisikia yowe, nao wakaja na mapanga. Ng'ombe wao waliokuwa wakinywa maji walishtuka, wakakimbia mbele yao.

Vijana wa Nyamisega waliona watu wenye mapanga wakiswaga ng'ombe. Vijana wa Kirambo waliona watu wenye mapanga wakiwajia mbio. Kabla mtu hajauliza neno, Mzee Makoye wa Kirambo alikuwa chini, amekatwa begani, na Gody wa Nyamisega alikuwa amepasuliwa kichwa kwa jiwe. Jiko la Bibi Nyamhanga liliungua lote huku wanaume wakipigana karibu yake.

Mzee Makoye alikimbizwa hospitali Musoma kwa pikipiki. Alikuwa baba yake Kwangu, na Kwangu alikaa dawati moja na Matrida katika darasa la sita.

Siku hiyo Kwangu hakuja shule. Kesho yake pia hakuja. Hakuna mtoto wa Kirambo aliyevuka kijito.

Shuleni kulikuwa na Klabu ya Amani. Mlezi wake alikuwa Mwalimu Prudence, mwalimu kijana wa somo la Uraia, na mwenyekiti wake alikuwa Kwangu, kwa sababu hakuna aliyeweza kuimba wala kuchekesha watu kama yeye. Walikuwa wakijiandaa kwenda Butiama kuimba Siku ya Amani. Sasa walikaa darasani bila mwenyekiti, na hakuna aliyetaka kuanzisha wimbo.

"Madam, tufanye nini?" Esther aliuliza.

Mwalimu Prudence alikunja na kukunjua kitambaa cha ubao. "Sijui, Esther. Chuoni nilifundishwa namna ya kuwafundisha ninyi. Hili sikufundishwa."

Wanafunzi walitazamana. Hawakuwahi kumsikia mwalimu akisema hajui.

Mwishowe waliandika mabango kwenye karatasi za manila, wakatembea pamoja na mwalimu wao mpaka kwenye kivuko cha kijito. Vijana wa Nyamisega walikuwa wamekaa hapo wakilinda, Prosper akiwa miongoni mwao. Gody alikuwa amefungwa bandeji kichwani.

"Karibuni, wageni wa Umoja wa Mataifa," Gody alisema, na wenzake wakacheka. "Mmetuletea chakula au mmetuletea karatasi tu?"

"Tumeleta ujumbe," Chrispin, mwanafunzi mdogo kuliko wote katika klabu, alijibu kwa sauti ndogo.

"Upelekeni ng'ambo basi. Huku tunajua kusoma."

Matrida alimtazama kaka yake. Prosper aliangalia maji. Kabla hawajaondoka, mbuzi mmoja alikuwa ameanza kutafuna bango la Esther, na vijana walicheka mpaka wakashika mbavu. Jioni ile wazazi wengi waliwakataza watoto wao kwenda tena. Klabu ikabaki na wanafunzi watatu: Matrida, Esther na Chrispin.

Matrida hakulala vizuri. Kila alipofumba macho alisikia sauti yake mwenyewe ikipiga yowe. Siku ya tatu alimpelekea Bibi Nyamhanga ndoo ya maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Weka hapo." Bibi alikuwa akichakura majivu kwa kijiti, akitafuta vyombo vilivyopona. "Niliwaita waje na maji," alisema. "Nilikuwa peke yangu, maji sina. Wakaja na mapanga."

Matrida alikimbia mpaka kivukoni. Aliona kama amepata dawa. Watu wakijua ukweli, ugomvi utakwisha.

"Ulikuwa moto," aliwaambia vijana huku akihema. "Hakuna aliyeiba. Bibi alikuwa anaita watu wazime moto."

Gody hakucheka safari hii. "Dada, unadhani hatujui? Tulijua siku ileile. Kirambo nao wanajua. Lakini moto umeshazimika, kichwa changu bado kinauma. Na bega la yule mzee je? Unadhani ndugu zake wakiambiwa ulikuwa moto tu watakubali?"

Matrida hakujua kwamba watu wanaweza kuujua ukweli na bado wakaendelea kunoa mapanga.

Polisi walikuja na gari, wakauliza maswali, na kila mtu akasema hakuona aliyekata wala aliyerusha jiwe. Mtendaji wa kijiji, Bwana Wanzagi, aliita mkutano, lakini watu wa Kirambo waliogopa kuvuka. Kisha zikaja habari kwamba ndugu zake Mzee Makoye wanakusanyana huko Bunda. Hakuna aliyekuwa na hakika. Hata hivyo habari hizo zilitosha.

Ijumaa jioni, Matrida akiwa anawafunga ndama, alisikia Gody na Prosper wakizungumza nyuma ya zizi.

"Tusisubiri waje. Kesho mchana tuwaendee," Gody alisema.

"Wazee hawatatoka," Prosper alijibu. "Wamechoka na haya mambo."

"Yowe likipigwa watatoka. Nani hupokea yowe halafu akabaki ndani? Dada yangu atalipiga kutoka kwetu. Nyumba yenu italipeleka upande wa pili. Basi."

"Sawa," Prosper alisema, lakini sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi.

Matrida alikimbia mpaka nyumba ya walimu. Mwalimu Prudence alimsikiliza, akampigia simu mtendaji. Bwana Wanzagi aliahidi kuwaarifu polisi, lakini akasema barabara ni mbaya na gari huenda lisifike mapema. Mwalimu aliweka simu mezani.

"Hatuwezi kuwazuia vijana," alisema. "Lakini yowe hupokewa na akina mama. Twende tukawaombe."

Siku ya Jumamosi, jua lilipochomoza tu, mwalimu na wanafunzi wake watatu walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na ombi moja. Yowe likipigwa, kabla ya kulipeleka mbele, muulize ni la nini. Kama ni moto, watu waje na maji. Kama ni mtoto ameanguka kisimani, waje na kamba. Kama hakuna anayejibu, msilipeleke.

Akina mama waliwakaribisha na kuwapa uji. Hakuna aliyewafukuza, wala hakuna aliyeahidi.

"Mwanangu, yowe tunapokeaga tu," mama mmoja alimwambia mwalimu kwa upole. "Ukianza kuuliza, mtu anakufa huku bado unauliza."

"Ni kweli, mama. Lakini safari hii watu walikatwa kwa sababu hatukuuliza."

"Eeh. Nimesikia."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kina Matrida. Mama yake alikuwa akipukuchua mahindi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Wiki nzima, kila Prosper alipotoka na panga, alimuuliza kama amekula, au alimwambia njia ina miiba avae viatu. Hakuwahi kusema zaidi. Sasa alilisikiliza ombi hadi mwisho, akakung'uta punje kwenye kanga yake.

"Haya, mwalimu. Asante kwa kupita," alisema. "Matrida, kateke maji."

Matrida alikwenda kisimani huku machozi yakimlengalenga. Alirudi akaketi karibu na mama yake. Wote wawili walipukuchua mahindi. Prosper alikuwa ndani, na waliisikia tupa ikikwaruza panga lake.

Mchana yowe likaja, kutoka upande wa nyumbani kwa Gody. Mama alisimama. Mkono wake ulipanda wenyewe kuelekea mdomoni, kama ulivyozoea miaka yote. Matrida alitaka kumshika, akataka kumwambia usipige. Alibaki ameshika gunzi.

Prosper alitoka na panga. "Mama, lipeleke."

Mama alivuta pumzi, akaweka mikono miwili kando ya mdomo, akaita kuelekea kwa kina Gody. "Ni la nini?"

Yowe likakatika kidogo, likaendelea.

"Mnaita kwa ajili ya nini? Semeni," mama aliita tena.

Hakuna aliyejibu. Kisha kutoka nyumba nyingine ya bondeni sauti ya mwanamke ikauliza vilevile, "Ni la nini?" Nyingine ikafuata, upande wa kisima. Ilikuwa sauti ya yule mama aliyewapa uji. Yowe la dada yake Gody likapungua, likazimika. Upande wa pili wa mwinuko wazee hawakusikia kitu, wakaendelea na kazi zao.

"Mama, umeniaibisha," Prosper alisema. "Wenzangu wananisubiri."

"Ugali uko tayari," mama alijibu. "Keti ule."

Prosper aliangalia njia. Vijana wachache walikuwa wamesimama kivukoni, hawatoshi kwenda popote. Aliketi, lakini hakula.

Polisi walifika alasiri na kukuta utulivu. Jumatatu iliyofuata Mzee Makoye alirudi kutoka Musoma, mkono ukiwa umefungwa shingoni. Madaktari walimwambia bega litapona, ila hatalima msimu huu. Aliposikia yaliyotokea Jumamosi, aliwaambia ndugu zake wa Bunda wabaki kwao, akakubali kuja kwenye mkutano. Watu wa vitongoji vyote viwili walikaa karibu na kijito, kila upande na upande wake. Kwangu alikuwepo. Aliketi karibu na baba yake na hakumtazama Matrida.

Waliongea muda mrefu, kwa hasira. Mwishowe walikubaliana kwamba vijana wa Nyamisega watalima shamba la Mzee Makoye, na vijana wa vitongoji vyote watajenga upya jiko la Bibi Nyamhanga. Ndipo Gody akasimama.

"Nakubali kulima," alisema. "Lakini kuna jambo. Mama Prosper alikataa kupokea yowe. Desturi ameivunja. Naye aulizwe."

Minong'ono ilipita. Bwana Wanzagi alimgeukia mama. "Mama Prosper, unasemaje?"

Mama alisimama. Matrida alijua jinsi mama yake alivyoogopa kuongea mbele za watu.

"Mimi huwa naogopa kuongea," alisema. "Wiki nzima nilimuuliza Prosper kama amekula. Nikamwambia avae viatu. Hayo siyo niliyotaka kumwambia." Alimgeukia mwanawe. "Prosper, sikutaka uende. Nilikuwa naogopa utaletwa nyumbani umekufa. Na niliogopa pia urudi mzima, umemuua baba yake Kwangu, halafu nikupakulie ugali kama kawaida."

Prosper aliinamisha kichwa. Mzee Makoye alimtazama mama bila kupepesa.

"Siku ya moto mimi na binti yangu tulipiga yowe bila kujua ni la nini," mama aliendelea. "Watu wakaja na mapanga, na jiko likaungua. Gody, yowe ni kuomba msaada. Nitalipokea siku zote, hata likitoka Kirambo. Lakini kwanza nitauliza ni msaada gani, ili kila mtu ajue cha kubeba. Na ninyi watoto mjifunze hivyo. Mkiwa na hofu, isemeni mapema, kabla watu hawajashika mapanga. Mimi nimechelewa. Nilipaswa kusema siku ile ya kwanza: mwanangu, usiende."